Daktari wa Mbali: Kutoka Simu ya Upepo Hadi Simu ya Mkononi



Siku hizi ukikaa na vijana wenzetu wa mjini hukosi kusikia neno "tiba mtandao". Unapakua programu kwenye simu, unalipa kwa simu hiyohiyo, na baada ya muda mfupi daktari anakuuliza kikohozi kimeanza lini na kama kina makohozi. Wanaoiuza huduma hiyo wanatuambia ni kitu kipya kabisa. Wanaoipinga nao wanatuambia ni kitu kipya kabisa, kwa hiyo tukiogope.

Mimi leo nataka kubishana na pande zote mbili. Tuondoke Dar kidogo, twende Karatu, kisha tupande hadi Ngorongoro. Huko watu wametibiwa na madaktari wasiowaona kwa macho tangu kabla wengi wetu hatujazaliwa. Na historia ya huko inatufundisha jambo ambalo matangazo ya simu hayasemi: daktari wa mbali hufanya kazi pale ambapo karibu na mgonjwa kuna mtu anayejua anachofanya, na kuna dawa. Vikikosekana hivyo viwili, hata mtandao uwe na kasi ya namna gani, mgonjwa ameambulia maongezi tu.

Jiografia kwanza

Karatu ipo juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, kwenye barabara inayotoka Mto wa Mbu kwenda lango la Lodoare. Hadi miaka ya 1990 ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbulu. Juu ni mashamba ya Wairaqw, ngano na mahindi na maharage. Ukishuka kuelekea Ziwa Eyasi unakuta Mang'ola na vitunguu vyake, na huko ndiko waliko Wahadzabe na Wadatoga. Ukivuka lango unaingia Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959, zaidi ya kilomita za mraba 8,000, ambako Wamaasai wanachunga na wanyamapori wanazurura. Mbele zaidi, karibu na mpaka wa Kenya, ndipo Loliondo, makao makuu ya wilaya ya Ngorongoro.

Mtalii mwenye gari zuri analala Karatu, asubuhi anashuka kreta, jioni yupo hotelini. Mama mwenye uchungu wa uzazi kule Kakesio au Nainokanoka hahesabu umbali kwa kilomita. Anahesabu kama mvua imenyesha, kama kuna gari kijijini, kama gari lina mafuta, na kama giza limeingia, maana usiku njia ni ya tembo na nyati.

Sasa turudi mwaka 1961. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa akisema kwamba tulipopata uhuru nchi ilikuwa na madaktari 12 tu Watanganyika. Kumi na wawili, kwa nchi nzima. Katika hesabu hiyo, kusubiri daktari afike Endulen ilikuwa sawa na kusubiri mvua mwezi wa nane.

Kilichofanyika ni kwamba hospitali chache zilijengwa na wamisionari mbali kabisa na miji. Haydom, kule Mbulu, ilianzishwa na Walutheri wa Norway mwaka 1955. Wasso, kule Loliondo, ilianzishwa miaka ya 1960 na Herbert Watschinger, padri Mwaustria ambaye pia alikuwa daktari. Ni yeye huyo aliyehusika na kuanzishwa kwa hospitali ya Endulen, ndani ya hifadhi. Lakini hospitali moja katikati ya nyika inaweza kuwa kisiwa. Kilichoviunganisha visiwa hivyo kilikuwa simu ya upepo.

Simu ya upepo

Kwa wale mliozaliwa na simu mkononi, ngoja niwaeleze. Simu ya upepo ni redio ya kusema na kusikiliza. Ilitumia betri ya gari, na antena yake ilikuwa waya mrefu uliotundikwa kati ya miti au nguzo mbili. Mmoja akizungumza mwingine ananyamaza, akimaliza anasema "ova", na mwenzake anaanza.

Watu wanaidharau lakini ilikuwa na jambo moja ambalo simu yako haina. Mawimbi yake hupanda juu sana angani, yakagonga tabaka la juu la hewa na kurudi ardhini mamia ya kilomita mbele. Kwa hiyo mlima haukuwa kikwazo. Mnara wa simu ya mkononi unarusha mawimbi yanayokwenda karibu sawasawa na macho yanavyoona, mlima ukikaa katikati umekatika. Ndiyo maana ndani ya Ngorongoro, nchi ya vilima na mabonde, unaweza kuwa na simu ya bei mbaya na ukapanda kilima kutafuta alama moja ya mtandao, wakati mwuguzi wa zamani alikaa chumbani kwake na kuongea na Nairobi.

Nairobi kwa nini? Kwa sababu ndiko walikokuwa Madaktari Wanaoruka. Mwaka 1956 madaktari watatu wapasuaji, Michael Wood wa Uingereza, Archibald McIndoe wa New Zealand na Thomas Rees wa Marekani, walikutana kwenye shamba la Wood chini ya Mlima Kilimanjaro, upande wa kwetu Tanganyika, wakajadili namna ya kuwafikia wagonjwa wa vijijini. Mwaka uliofuata, 1957, huduma ikaanza. Leo tunaifahamu kama Amref. Wengi tunakumbuka ndege zao, lakini ndege bila redio isingejua iende wapi. Redio ndiyo iliyokuwa mlango wa hospitali.

Wazo lenyewe lilikuwa limeshajaribiwa Australia. Mchungaji John Flynn alianzisha huduma ya madaktari wa ndege kule Cloncurry mwaka 1928, na mwaka uliofuata fundi Alfred Traeger akaleta redio ya kupiga pedali kama baiskeli, kwa sababu mashambani hakukuwa na umeme. Lakini mimi kilichonivutia zaidi ni sanduku. Kuanzia mwaka 1942 waligawa masanduku ya dawa kwenye mashamba ya mbali, kila dawa ikiwa na namba yake. Daktari hakuhitaji kumfundisha mke wa mkulima majina magumu ya dawa. Alimsikiliza, akauliza maswali, kisha akamwambia mpe vidonge viwili vya namba fulani, kesho asubuhi nipigie.

Tafakarini hilo sanduku. Waaustralia walielewa mapema kwamba ushauri usio na dawa ni nusu ya kazi. Programu nyingi za leo zinatupa ushauri, halafu dawa ukatafute mwenyewe. Kariakoo haina shida, duka la dawa lipo kila kona. Jaribu Kakesio.

Huku kwetu, mazungumzo ya simu ya upepo yalikuwa na mtiririko wake. Mwuguzi wa zahanati alieleza umri wa mgonjwa, joto, mapigo ya moyo, ameumwa siku ngapi, amekula nini, amekunywa nini. Daktari wa upande wa pili aliuliza asichokiona: bonyeza tumbo upande wa kulia chini, analia? Macho yakoje? Anakojoa? Mwisho kulikuwa na majibu ya aina tatu. Mtibu hapohapo. Mtafutie gari aje. Au, ndege inakuja, fukuzeni ng'ombe uwanjani.

Majibu hayohayo matatu ndiyo anayotakiwa kuyatoa daktari wa mtandaoni leo. Kilichobadilika ni kwamba zamani upande wa mgonjwa alisimama mwuguzi, na leo, mara nyingi, anasimama mgonjwa mwenyewe na homa yake.

Redio iliyosema bila kusikia

Kabla sijaendelea nikumbushe jaribio jingine, maana nalo ni sehemu ya ukoo huu. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kupitia Radio Tanzania. Watu walikusanyika kwenye vikundi kijijini, wakasikiliza kipindi pamoja, kiongozi wa kikundi akasoma kijitabu, wakajadili, wakakubaliana cha kufanya: kuchimba choo, kufyeka nyasi, kuchemsha maji. Wanakadiriwa kuwa watu wapatao milioni 2 walishiriki.

Redio ile haikusikia swali hata moja la mkulima wa Karatu. Lakini ilifanikiwa kwa kiasi kikubwa, na nadhani ni kwa sababu ile ile: kila kikundi kilikuwa na mtu mmoja wa karibu aliyekaa nao na kuigeuza sauti ya Dar es Salaam kuwa jembe na shimo la choo.

Kipi kinatibika kwa mbali?

Haya, tuje kwenye swali ambalo wasomaji wengi mtakuwa nalo. Ni magonjwa gani hasa yanaweza kutibiwa na daktari asiyekushika? Nitachukua mifano ya huko huko nyanda za juu, maana inaonyesha mipaka vizuri.

Kuharisha kwa mtoto. Hili linaongozeka kwa simu kabisa. Pakiti ya chumvi na sukari ya kuongeza maji mwilini, zinki, na maswali machache: anakunywa? Macho yameingia ndani? Ana machozi akilia? Kuna damu kwenye kinyesi? Akiwa mlegevu na hawezi kunywa, jibu linabadilika kuwa "mlete".

Kikohozi cha mtoto. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema hesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, hiyo ni dalili ya nimonia. Kazi hii inahitaji saa na macho tu. Mhudumu wa afya wa kijiji anaweza kuhesabu huku daktari yupo kwenye simu. Hili lingewezekana hata kwa simu ya upepo.

Magonjwa ya ngozi. Mapunye, upele, ukurutu. Hapa ndipo kamera ilipoipita redio. Picha nzuri iliyopigwa juani inaweza kumaliza kazi nyingi.

Mbwa kukuuma. Utashangaa, lakini simu inaokoa maisha hapa kwa maneno machache: osha jeraha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda ukachanjwe bila kusubiri kuona kama mbwa atakufa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu kila mgonjwa hufa.

Sasa upande wa pili. Homa. Mtu wa Mang'ola anaweza kuwa na malaria. Mfugaji wa Ngorongoro aliyekunywa maziwa mabichi au kumzalisha ng'ombe aliyetupa mimba anaweza kuwa na brusela. Zote zinakuja na homa, kichwa, viungo kuuma na uchovu. Daktari hodari kuliko wote duniani hawezi kuzitofautisha kwa video. Kinachozitofautisha ni tone la damu na kipimo. Malaria sasa ina kipimo cha haraka kinachofanyika zahanati. Brusela inatibiwa kwa dawa zaidi ya moja kwa wiki kadhaa, siyo kitu cha kubahatisha. Daktari wa mtandaoni anayekuandikia dawa ya homa bila kipimo hajakutibu, ameotea.

Na kuna yale ambayo simu kazi yake ni moja tu, kuita gari. Mama anayetoka damu. Mtoto anayedegedega. Aliyeungua moto sehemu kubwa ya mwili. Mfumo wa m-mama, ambao serikali ilianza kuusambaza nchi nzima mwaka 2022, unafanya hivyo hasa: unapiga 115, mtu wa zamu anapanga gari, hata kama ni la dereva wa kijiji, na hospitali inajulishwa. Hakuna anayejifanya kutibu kwa simu hapo. Wanatumia simu kufupisha barabara.

Kikombe cha Samunge

Huwezi kuandika historia ya tiba wilaya ya Ngorongoro ukaruka mwaka 2011. Mnakumbuka. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, Babu wa Loliondo, alikuwa anatoa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500 pale kijijini Samunge. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Walikuja kutoka mikoa yote na nchi jirani, mawaziri nao walikuwemo. Wengine walifia kwenye foleni. Babu alifariki Julai 2021.

Sitaki kumcheka marehemu wala waliokwenda. Nataka tuangalie orodha ya magonjwa waliyokwenda nayo: kisukari, presha, pumu, kansa, Ukimwi. Hayo mengi ni magonjwa ya kuishi nayo. Hayaishi kwa ziara moja. Yanataka mtu wa kukuuliza kila mwezi unaendeleaje, dawa umekunywa, imekuletea shida gani, tuongeze au tupunguze. Nadhani watu wetu walikuwa wamechoka kufuatilia magonjwa hayo kwa nauli. Safari kila mwezi, foleni, daktari mpya kila safari, maswali yale yale. Kikombe kimoja kilitoa ahadi ya kumaliza yote siku moja.

Na hapa, kwa maoni yangu, ndipo tiba mtandao inapoweza kuwa na faida kubwa kuliko kwenye mafua ya vijana wa Sinza. Mgonjwa wa presha aliyekwisha kupimwa na kuanzishiwa dawa anaweza kufuatiliwa kwa simu kama zahanati ya kijijini kwake ina mashine ya kupima na dawa haziishi. Kifafa vilevile. Pale Karatu ipo FAME, hospitali iliyoanzishwa na daktari Mmarekani Frank Artress na mkewe Susan Gustafson, iliyofungua kliniki mwaka 2008. Kwa miaka mingi wataalamu wa ubongo na mishipa ya fahamu kutoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania wamekuwa wakija kufanya kazi na madaktari wa pale. Mtaalamu anakuja kwa wiki chache, kisha anapanda ndege kurudi kwao. Kifafa hakipandi ndege. Anayebaki na mgonjwa ni daktari Mtanzania wa Karatu, na mtaalamu akiwa mbali anaweza kuulizwa. Mpangilio huo ndio ule ule wa simu ya upepo: mjuzi yupo mbali, mwenye mkono yupo karibu.

Siri ya mgonjwa

Tusiipambe sana zamani. Simu ya upepo haikuwa na siri. Masafa yalikuwa ya wote, kila kituo kilichowasha redio saa hiyo kilisikia kwamba fulani wa kijiji fulani ana ugonjwa wa zinaa. Leo tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na habari za afya ni miongoni mwa taarifa zinazolindwa zaidi. Lakini jiulize: bibi asiyejua Kiswahili, anayezungumza Kimaasai au Kiiraqw tu, ataongea na daktari wa video kupitia nani? Kupitia mjukuu. Na kuna mambo bibi hawezi kumwambia mjukuu. Mwuguzi anayejua lugha yake na aliyeapa kutunza siri bado hana mbadala.

Kinachoniumiza

Sasa nifike nilikokuwa nakwenda. Shirika la Flying Medical Service la Arusha, lililoanzishwa mwaka 1983 na Padri Pat Patten, kwa miaka mingi lilipeleka kliniki za ndege vijijini Umaasaini: chanjo, mama wajawazito, wagonjwa wa dharura. Mwaka 2022 ndege hizo zilizuiwa kuruka. Ni mwaka huohuo serikali ilipoanza kuwahamishia wakazi wa hifadhi Msomera, Handeni. Serikali inasema kuhama ni kwa hiari. Ripoti ya Human Rights Watch ya Julai 2024 ilieleza kwamba huduma za jamii ndani ya hifadhi zilipunguzwa, zikiwemo za hospitali ya Endulen. Desemba 2024 Rais Samia alikutana na viongozi wa Wamaasai Arusha, na mwaka 2025 tume zikaundwa kuangalia suala hilo.

Siandiki haya kuamua kesi ya ardhi, hiyo ina makala yake. Naandika kwa sababu nimeanza kusikia watu waliosoma wakisema, bila ubaya, kwamba kama huduma ni ngumu kule, si wapewe tiba mtandao? Kana kwamba skrini inaweza kuchukua nafasi ya wodi. Miaka zaidi ya 60 ya daktari wa mbali katika nchi ile inasema haiwezi. Sauti ya Nairobi iliwafaa watu wa Endulen kwa sababu Endulen palikuwa na vitanda, sindano na mwuguzi wa kuipokea. Ukiondoa hivyo ukaacha mnara, umemwachia mgonjwa namba ya kupiga.

Kwa hiyo mtu akija na mradi wa tiba mtandao kwa ajili ya vijijini, mimi nina maswali matatu ya kumuuliza kabla ya kushangilia. Nani atakuwa amesimama karibu na mgonjwa? Dawa zipo kwenye sanduku la nani? Na jibu likiwa "mlete", gari liko wapi?

Naomba pia msaada wenu. Kama una mzazi au babu aliyefanya kazi Haydom, Wasso, Endulen au zahanati yoyote yenye simu ya upepo, mkalie chini umuulize: saa ngapi walikuwa wanaita, nani aliitikia, na nani alipona. Wazee hao wanaondoka, na hakuna anayeandika habari zao.

Nawasilisha.